Felisia Amepima

Watu wa Guangzhou wanaomfahamu Felisia wanaufahamu mkono wake kabla ya uso. Kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, ana baka jeupe la ukubwa wa kifungo cha shati. Zamani hapo palikuwa na herufi A ya wino mwekundu. A ya Adrian, mchumba wake wa Arusha. Walichorana wakiwa na miaka ishirini, wakaapiana, halafu Adrian akaoa mwingine na herufi ikabaki. Usimwonee huruma. Akikuonyesha lile baka hucheka kwanza, halafu anasema, "Hiki ndicho cheti changu cha chuo."

Mimi naitwa Gaudence, mama wa Muleba, kazi yangu kufunga kontena. Nina mdomo, hilo usisubiri kuambiwa na wengine. Felisia nilimfahamu tangu alipokuwa mfanyabiashara wa nguo kama sisi, anakuja mara tatu kwa mwaka kununua blauzi Zhanqian Road kwa ajili ya duka lake la Moshi. Sasa ndiye mwanamke ambaye Mkongo, Mtanzania au Mkenya haondoki na mashine ya leza Guangzhou mpaka yeye ameigusa. Amefikaje huko nitakueleza, na nitakueleza pia jinsi nilivyokaribia kumharibia jina alilolijenga miaka tisa. Mimi, rafiki yake, kwa mikono yangu hii miwili.

Safari moja Felisia alimnunulia dada yake Dorothea mashine ya kufuta tatuu. Dorothea ana saluni Moshi. Mashine ilitoka Baiyun, huko upande wa kaskazini wa jiji ambako mashine za urembo zinatengenezwa kila kichochoro. Ilipofika, Felisia akasema mteja wa kwanza awe yeye, Adrian aondoke kwa heshima. Asubuhi wakawasha, kijani kikatoka hafifu, herufi ikawacheka. Wakaongeza nguvu. Ikawacheka tena. Wakaongeza. Ilipofika saa sita mchana mashine ikawa imepata joto, na kijani chote kilichokuwa kimejificha kikatoka kwa mkupuo. Adrian akafutika, na ngozi ikaondoka naye.

Mtu mwingine angeiuza ile mashine kwa mjinga wa mjini. Felisia aliibeba akarudi nayo Guangzhou. Haki ya Mungu, aliibeba! Akampata aliyeitengeneza, mzee mmoja anaitwa Kuang, mwenye karakana ya vyumba viwili. Kuang akamwambia "meiyou", lile neno la Kichina ambalo kila mfanyabiashara wa hapa analijua kabla hajajua kusema asante. Hakuna. Hakuna kurudisha, hakuna tatizo, hakuna mazungumzo. Felisia akavuta kiti kidogo cha plastiki akakaa mlangoni. Siku ya kwanza. Siku ya pili. Siku ya tatu wateja wakaanza kuuliza huyu mama anadai nini. Siku ya nne Kuang akamletea trei ya lenzi na pamba, akamwonyesha jinsi ya kusafisha, labda akidhani atachoka. Felisia ni mtoto wa mshona majoho ya mapadri wa Rombo. Amekua akitunga uzi kwenye sindano usiyoiona. Mkono wake hautetemeki. Kuang aliziangalia zile lenzi, akamwangalia yeye, akaleta trei ya pili. Felisia hajatoka pale mpaka leo.

Anamwita Kuang "shifu", yaani fundi mkuu, mwalimu wa kazi. Kuang anamwita "Fei". Wanagombana kama mume na mke, na hakuna anayeweza kuwasuluhisha, maana wanagombana kwa Kikantoni.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, kama ninavyomsikia akiwaeleza wateja. Nimeisikia mara nyingi mpaka naweza kuhubiri.

"Leza yenyewe inatoa mwanga ambao jicho haliuoni," huwa anasema. "Huo unafaa wino mweusi. Wino mwekundu unataka kijani, na kijani hakitoki kwenye leza. Kinatengenezwa njiani, ndani ya kristali." Hapo huinyanyua, imefungwa kwenye kijisanduku chenye madirisha mawili ya kioo, haizidi kipande cha sukari. "Usidhani kristali inapaka rangi. Chembe mbili za mwanga usioonekana zinaungana humu ndani, inatoka moja ya kijani. Lakini haziungani kwa kubembelezwa. Umewahi kutwanga? Ukiuegemeza mchi juu ya mahindi uusukume polepole mpaka jioni, mahindi yatakuangalia tu. Nguvu ile ile ukiishusha kwa kishindo, yanapasuka. Basi leza hii inashusha mwanga wake kwa kishindo kifupi hivi: chukua sekunde moja, igawe mara milioni, kipande kimoja ukigawe tena mara milioni. Vipande mia tatu vya namna hiyo, ndiyo urefu wa pigo moja."

Wateja hapo huguna. Mimi mwenyewe niliguna.

"Na kishindo peke yake hakitoshi," anaendelea. "Kristali lazima iiname sawasawa. Ikikosea kidogo tu, kijani kinachozaliwa mwanzoni na kinachozaliwa mwishoni haviendi pamoja, vinauana humo humo. Joto likibadilika, ni vilevile. Mashine nzuri, ukiingiza mia tano za mwanga usioonekana, unatoa mia mbili hamsini au zaidi za kijani. Ya ovyo inatoa sitini, halafu muuzaji anakwambia ongeza nguvu." Na hapo ndipo huonyesha baka. "Ngozi yetu sisi inakimeza kijani kabla hakijafika kwenye wino. Kwa hiyo tunakitumia kidogo, kwa kipimo. Sasa kipimo kikidanganya, utamfanya mtoto wa mwenzio hivi."

Mashine ikimridhisha, anabandika stika nyeupe nyuma yake. Imeandikwa FELISIA AMEPIMA, chini yake namba mbili, iliyoingia na iliyotoka, na tarehe. Basi. Hana cheti kingine, hana ofisi, hana bango. Ana stika. Wakongo wa Lubumbashi na Bukavu wananunua kwa stika ile bila kuonana naye. Siku stika ile ikiitwa ya uongo, Felisia amekwisha, atarudi kwenye blauzi, na yeye alikuwa akilijua hilo kuliko sisi wote.

Mwezi wa tatu mwaka huu akaja Laurette. Laurette ni wa Lubumbashi, alikuwa nesi miaka kumi na miwili, mwanamke mrefu, mtaratibu, anavaa rozari chini ya blauzi. Alikuwa anafungua kliniki ya ngozi na mwenzake waliyesoma naye kwa masista. Akachagua mashine kwa Kuang, Felisia akaipima mbele yake: mia tano zimeingia, mia mbili sitini zimetoka. Stika ikabandikwa. Laurette akaipiga picha ile stika, akaituma kwao. Ijumaa mashine ikaletwa kwenye ghala langu, hapa karibu na stesheni ya Liuhua, isubiri kontena itakayofungwa Alhamisi kwenda bandari ya Huangpu.

Sasa sikiliza tabia yetu sisi wafunga kontena. Nafasi tupu kwetu ni dhambi. Friji linabeba viatu, viatu vinabeba soksi, soksi zinabeba hereni. Kontena ninayoifunga mimi mbu akiingia hapati pa kusimama, na nimejisifia hilo miaka yote, nimelisema harusini, nimelisema kanisani. Jumamosi nikaizunguka ile mashine ya Laurette, nikafungua mlango wake wa nyuma. Jamani! Ndani kulikuwa na uwazi wa kulala mtoto. Kumejaa sponji na vifuko vidogo vyeupe, vile vya chengachenga za kukausha unyevu, kama kumi na tano. Nikasema moyoni, hawa Wachina wanasafirisha hewa. Nikatoa sponji, nikatoa vifuko, nikavitupa vyote. Nikaingiza jinzi themanini za mteja mwingine. Zilikuwa zimetoka kufuliwa kiwandani, na mnaujua mwezi wa tatu wa Guangzhou, ule wakati kuta zinatoa jasho, sakafu inateleza na taulo halikauki wiki nzima. Zile za mwisho zilikataa kuingia. Nikazisukuma kwa goti.

Nilijisikia fundi. Nikafunga mlango, nikaenda kunywa supu.

Jumanne asubuhi Laurette akaja ghalani. Ninyi mnajua desturi: kabla kontena haijafungwa, kila mtu anapiga simu ya video nyumbani, mzigo uonekane ukiwa mzima, wapige vigelegele. Kabla hajafika nilizitoa jinzi mle ndani ya mashine, nikaziweka pembeni nizirudishe akiondoka. Sikuona ubaya. Akawasha mashine, akavaa miwani yake ya kinga, simu imesimama kwenye boksi, Lubumbashi nzima inatazama. Akapiga kwenye karatasi nyeupe kama alivyofundishwa.

Kijani kikatoka kimesinyaa. Alama kwenye karatasi huioni mpaka uinamishe kichwa. Akapiga tena. Akachukua kipimo kidogo alichopewa na mashine, akakiweka. Tisini. Kati ya mia tano, tisini!

"C'est pas vrai," Laurette akasema polepole, yaani si kweli. Halafu akaigeukia ile stika. "Mia mbili sitini. Ameandika mia mbili sitini kwa mkono wake. Gaudence, ma chère, mpenzi wangu, njoo usome, labda macho yangu yameharibika."

Na mimi, badala ya kunyamaza, unajua nilisema nini? Nilisema, "Aka! Mambo ya karakana za vichochoro hayo. Felisia siku hizi amekuwa Mchina." Nilisema! Mdomo huu. Kulikuwa na kitu kinanikwaruza moyoni, nikakifunika kwa kelele, na kelele ninazo.

Laurette akashika simu, akaingia kwenye lile kundi la WeChat la wafanyabiashara, watu mia nne na kitu, akarekodi sauti. Hakutukana, manesi hawatukani. Alisema tu kwa utaratibu kwamba stika ya Felisia imeandikwa namba ya uongo, kwamba yeye angeipeleka mashine hiyo kwa wagonjwa, na kwamba kila mwenye stika hiyo aipime upya. Nikasikia simu yangu ikilia mfukoni, na ya jirani, na ya mwenye ghala la pili.

Felisia alifika baada ya saa moja na begi lake la vifaa. Nilitegemea aje analia au aje anapigana. Alisalimia. "Mama Laurette, shikamoo ya asubuhi nimechelewa kuileta. Naomba tuwashe." Akapima mwenyewe kwa kipimo chake kikubwa. Themanini na nane. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia mbuzi kaingia shambani. "Kweli. Haifai."

"Unakubali?" Laurette akashangaa.

"Nakubali kwamba leo haifai. Ijumaa ilifaa."

Akauliza ni nani aliyefungua mlango wa nyuma. Laurette akasema yeye hajafungua. Mimi nikajifanya nahesabu maboksi. Felisia akafungua skrubu nne, akakitoa kijisanduku cha kristali, akachomoa kibano kwenye begi lake. Kwenye pembe ya kishikio akatoa kitu, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kipande cha uzi. Cha bluu.

Zile jinzi zilikuwa hatua tatu kutoka pale, rundo zima. Felisia hakuziangalia. Hakuniangalia na mimi. Aliuweka uzi kwenye kikaratasi, akakikunja, akakitia mfukoni. "Kishikio kimesukumwa, kristali imepinda," akamwambia Laurette. "Na unyevu umeingia. Hii kristali ni chumvi, Mama. Chumvi ya maabara, lakini chumvi. Ndiyo maana inawekewa kipashajoto chake na vifuko vyake vya kukausha. Nipe mpaka Alhamisi."

"Meli haitanisubiri, Felisia."

"Wala mimi sitaisubirisha. Alhamisi saa nne asubuhi, hapa hapa, mbele yako. Isipofika mia mbili hamsini, nakwenda kwenye lile kundi kusema mwenyewe kwamba nimeacha kazi hii."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kama anayeagiza chai. Mimi nikakosa pa kuweka macho. Nikajitolea kumsindikiza Baiyun nimbebee begi, eti ni zito. Lilikuwa la kilo tatu.

Karakana kwa Kuang wakaiweka kristali chini ya taa. Hata mimi niliona: kwenye pembe moja ukungu, kama kioo cha bafuni. Mzee Kuang akavua miwani, akavaa, akasema neno refu. Felisia akanitafsiria baadaye. Kuang alisema pembe tatu bado safi. Tuisogeze kidogo, mwanga upite palipo safi, tuiinamishe vizuri, itatoa. Wakafanya, kwa leza ya majaribio ya pale karakana. Felisia akakaa kwenye kile kiti chake cha plastiki, ndicho kile kile cha siku ya kwanza, akashika skrubu ndogo kwa ncha za vidole viwili. Alikuwa anaizungusha huioni inazunguka. Namba kwenye kipimo ikapanda kutoka tisini, mia na ishirini, mia na sabini, mia mbili na kumi. Ikasimama mia mbili hamsini na moja.

Nikapiga makofi. "Imefika! Felisia, imefika! Twende zetu!"

Yeye alikuwa bado anaitazama ile pembe yenye ukungu. Kuang naye alikuwa anatabasamu, tayari ameanza kufunga vifaa vyake.

"Leo imefika," Felisia akasema kwa Kiswahili, halafu akageuza Kikantoni, halafu akanirudia mimi kwa Kiswahili ili nielewe. "Ukungu ukishaanza haurudi nyuma. Wiki sita baharini, unatembea. Lubumbashi itafika inatoa mia moja. Watafanya nini? Wataongeza nguvu. Halafu siku moja ya joto kijani kitatoka kwa mkupuo." Akainua mkono wake wa kushoto. Hakuhitaji kusema zaidi.

Kuang akasema meiyou. Kristali mpya meiyou, ikiagizwa ni wiki mbili. Felisia akanyoosha kidole kwenye mashine ya maonyesho pale dirishani, ile ambayo Kuang anawashia wageni, ina kristali bora kuliko zote alizowahi kupata. Kuang akaipigia kelele hata jirani akachungulia. Ile? Hata siku moja! Hii imefika mia mbili hamsini na moja, umemwahidi mteja mia mbili hamsini, mzigo uondoke!

Basi Felisia akafungua droo. Akatoa stika nyeupe mpya na kalamu, akaviweka mbele ya mzee. Akamwambia maneno machache tu. Nikamuuliza, umemwambiaje? "Nimemwambia, sawa, iondoke. Ila leo bandika jina lako, si langu."

Yule mzee aliitazama ile kalamu. Yaani aliitazama! Kisha akavua miwani, akaifuta kwa shati lake, akaenda dirishani akinung'unika, akaanza kufungua skrubu za mashine yake ya maonyesho.

Kristali ya namna ile huipashi joto kwa haraka, inapasuka. Inapanda pole pole, siku nzima. Kwa hiyo Jumatano yote Felisia alikaa kando yake, na mimi nikaja tena, sijui kwa nini nilikuja, ghalani nilikuwa na kazi. Simu yangu haikupumzika. Lile kundi lilikuwa linachemka. Jules wa Bukavu ana mashine tatu zenye stika, anataka zishushwe Huangpu zipimwe upya. Mama mmoja wa Mwanza amebandua yake kabisa na kutuma picha. Mwingine anasema Wachina wanamlipa Felisia aandike. Kila ujumbe ukiingia nilimwangalia usoni. Anatazama kipimajoto.

Nikashindwa. "Felisia, watu wanakumaliza! Kwa nini hujibu?"

"Nijibu nini?"

"Useme haikuwa wewe!"

"Nikisema haikuwa mimi, wataniuliza alikuwa nani." Akaandika joto kwenye daftari lake, akafunga kalamu. "Mimi ghalani sikuwepo, Gaudence. Wewe ulikuwepo."

Basi. Hakuutoa ule uzi mfukoni. Na kwa kuwa mimi nikiona aibu huwa nakasirika, nikasimama nikatoka nje, nikazunguka kichochoro chote nikimsema peke yangu. Anajidai! Kwani angefoka angepungukiwa nini? Angenitukana tukamalizana! Muuza matunda akanisogezea chungwa, labda alidhani nimefiwa. Nikalila pale pale nimesimama. Sasa nani nilikuwa namkasirikia? Ile kelele ya Jumanne ilikuwa yangu. Goti lilikuwa langu.

Nikarekodi sauti. Nilirekodi mara nne, tatu nikazifuta kwa sababu nilikuwa najitetea. Ya nne nikasema hivi: "Mimi ni Gaudence, mfunga kontena wa Liuhua. Mashine ya Mama Laurette niliifungua mimi. Vifuko vya kukausha nilivitupa mimi. Niliingiza humo jinzi themanini mbichi nikazisukuma kwa goti. Namba ya Felisia ilikuwa ya kweli. Halafu nilisimama mbele ya Mama Laurette nikamsema Felisia vibaya huku najua. Ninaomba radhi kwake, kwa Mama Laurette, na kwenu wote." Nikatuma kabla mdomo haujapata wazo lingine.

Jules akaandika, "Themanini?" Mwingine akatuma picha ya suruali. Kufika jioni nilikuwa na jina jipya, Mama Jinzi, na ninalo mpaka leo, hata watoto wa kanisani wanaliita. Stahili yangu. Mwenye jinzi alinifokea hata sikio likauma. Kuna wateja wawili walihamisha mizigo yao siku ile ile, na mmoja hajarudi.

Niliporudi ndani Felisia alikuwa amekwisha kusikia, simu yake ilikuwa mezani. Alinisogezea kiti. "Kaa," akasema, "unanizibia mwanga." Nikajua yamekwisha.

Alhamisi saa nne kasoro, ghalani, kristali ya dirishani imekwisha kufungwa kwenye mashine. Laurette amekuja na rozari nje ya blauzi, safari hii hakuwasha video. Felisia akamkabidhi kipimo yeye mwenyewe akishike. "Pima wewe, Mama. Usiniamini mimi." Laurette akavaa miwani, akapiga. Ukuta mzima wa ghala langu, na maboksi yake na unyevu wake, ukawaka kijani kikali kama jani jipya la mgomba. Namba ikasimama mia mbili sitini na tatu.

Laurette akapiga mara kumi. Mia mbili sitini na tatu, sitini na nne, sitini na mbili. Akashusha kipimo, akamkumbatia Felisia muda mrefu, akamwambia, "Pardon, ma sœur, nisamehe dada. Niliongea kabla ya kuuliza." Felisia akasema, "Uliongea ulichokiona. Nesi akiona kidonda ananyamaza?" Na Laurette akacheka, akalia kidogo, akapiga simu ile ya video sasa, Lubumbashi wakapiga vigelegele vyao mpaka simu ikakwaruza.

Vifuko vipya vya kukausha vikaingia, thelathini, Kuang mwenyewe alivituma. Sponji ikaingia. Mlango ukafungwa. Felisia akabandika stika mpya, akaandika namba zake mbili na tarehe. Nikadhani tumemaliza. Akatoa stika ya pili, tupu, akanipa mimi pamoja na kalamu.

"Ya nini?"

"Andika."

"Niandike nini? Mimi sipimi."

"Andika kitu ambacho wewe ndiye unakijua."

Laurette alikuwa ananitazama. Nilishika ile kalamu. Nikaandika kwa herufi kubwa: GAUDENCE HAJAFUNGUA. Felisia akasoma, akanionyesha kwa kidole niongeze tarehe. Nikaongeza. Akaibandika chini ya yake, akaisugua kwa kiganja mpaka ikashika. Siku hizi hakuna mashine ya leza inayotoka Guangzhou kwenda kwetu bila stika zote mbili, na Wakongo wanaikagua ya kwangu kwanza.

Tukaiingiza kontenani. Nikapanga maboksi kuizunguka, viatu, masufuria, mabegi ya shule, nikabana kila pembe kama ninavyojua. Nyuma ya mlango wa ile mashine kulikuwa na uwazi wa kutosha jinzi themanini. Nikaupita, nikafunga kontena.